Busta Ndogo Mbele ya Amplifaya Kubwa

Kuna jambo ambalo humshangaza mtu asiyepiga gitaa la umeme anapoingia kwenye mazoezi ya bendi ya metali. Mpiga gitaa ana amplifaya ambayo tayari imejaa nguvu kupita kiasi: akigusa uzi mmoja inanguruma, akiondoa mkono inapiga mluzi. Halafu, badala ya kuituliza, anaweka mbele yake kisanduku kidogo cha chuma ambacho kazi yake, kwa jina lake, ni kuongeza. Anakikanyaga. Mgeni anatarajia zogo lizidi. Kinachotokea ni kinyume chake: ngurumo inajikusanya, kila pigo linaanza panapostahili na kuisha panapostahili, na rifu iliyokuwa ikisikika kama mvumo mmoja mrefu sasa inahesabika noti kwa noti.

Kisanduku hicho ni pedali iitwayo busta. Kuichagua vizuri ni ufundi ninaouheshimu sana, kwa sababu unadai masikio yenye subira na kwa sababu siri yake imekaa kinyume na matangazo ya dukani. Duka linauza desibeli. Fundi wa sauti anatafuta kitu kingine. Busta nzuri ya kukaza amplifaya yenye geini kubwa huchaguliwa kwanza kwa kile inachokiacha nyuma, kisha ndipo kwa kile inachokiongeza.

Tuanze na amplifaya yenyewe. Geini kubwa, yaani ukuzaji mkubwa wa ishara, hupatikana kwa kupanga valvu moja baada ya nyingine. Inayotumika zaidi kwa kazi hii ni 12AX7, chupa ndogo ya kioo ambayo vitabu vya mafundi huipa kipimo cha ukuzaji cha 100. Zikipangwa tatu au nne mfululizo, ishara dhaifu ya pikapu inakuzwa mpaka inafikia ukomo wa umeme uliopo na haiwezi kupanda tena. Vichwa vya mawimbi vinakatwa, na kule kukatwa ndiko kunakozaa mkwaruzo tunaoupenda. Marshall JCM800 ya 1981, Soldano SLO-100 ya 1987, Peavey 5150 ya 1992 ambayo mhandisi James Brown aliitengeneza pamoja na Eddie Van Halen, na Mesa/Boogie Dual Rectifier ya mwanzoni mwa miaka ya 1990: zote ni amplifaya za kusifika, na zote zina tatizo moja la kuzaliwa nalo.

Tatizo hilo ni besi. Mpiga gitaa wa metali hupenda kupiga noti mbili kwa pamoja, kwa mfano E ya uzi mnene na B iliyo juu yake. Kwa tyuni ya kawaida, E hiyo hutetemeka takribani mara 82 kwa sekunde na B mara 123. Kwenye amplifaya safi utasikia noti hizo mbili, basi. Zikipita pamoja kwenye valvu inayokata vichwa vya mawimbi, zinazaa sauti nyingine ambazo hakuna aliyezipiga: jumla yake, tofauti yake, na michanganyiko ya hizo tena. Ukitoa 82 kwenye 123 unapata 41, na Hz 41 ndipo unapokaa uzi mnene wa gitaa la besi. Yaani gitaa limekwenda kuvamia eneo la mwenzake. Shusha tyuni hadi B, kama wafanyavyo wenye magitaa ya nyuzi saba, na tofauti hiyo inashuka hadi karibu Hz 31, chini kuliko spika ya gitaa inavyoweza kutoa kwa usafi. Spika inatikisika tu, na nguvu ya amplifaya inaliwa na sauti isiyomsaidia mtu.

Kuna ubaya wa pili, na huu ndio unaoua kasi. Mawimbi ya besi ni makubwa. Wimbi kubwa likiifikia gridi ya valvu na kuisukuma kupita kiwango chake, gridi inaanza kupitisha mkondo na kuijaza chaji kapasita iliyo mbele yake. Mpaka chaji hiyo ivuje, valvu imezubaa na haisikii vizuri kinachofuata. Ni sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini mtu anayepiga noti za haraka kwenye uzi aliouziba kwa kiganja anakuwa ameshapiga noti nyingine, na noti hiyo inaikuta valvu bado haijarudi kazini. Hapo ndipo mpiga gitaa husema amplifaya imelegea. Hajui habari za gridi na chaji, pengine, lakini sikio lake limesema kweli.

Wengi hujibu: basi punguza besi kwenye amplifaya. Lakini tazama nobu hiyo iko wapi ndani ya mzunguko. Kwenye Marshall za ukoo wa JCM800, kwenye 5150 na kwenye Rectifier, nobu za besi, sauti za kati na trebo zimewekwa baada ya valvu zinazokwaruza. Ukipunguza besi hapo, unapunguza besi ya sauti iliyokwisha kuvurugika, na mvurugo wenyewe unabaki. Mpishi anayejua kazi huchuja tui kabla ya kulibandika jikoni, kwa maana machicha yakishachemka humo hakuna kijiko kitakachoyatoa yote. Besi nayo huchujwa mapema. Ishara ikiingia kwenye mkwaruzo ikiwa nyembamba, itatoka ikiwa na umbo, na baada ya hapo unaweza kuirudishia unene kwa nobu ya amplifaya kadiri roho yako inavyotaka.

Ushahidi mzuri wa kanuni hii uko kwenye amplifaya za Mesa/Boogie za familia ya Mark, kazi ya Randall Smith wa California. Kwenye hizo, nobu za toni ziko kabla ya geini, na mwishoni kuna ikwalaiza ya vidhibiti vitano vya kuteleza, cha kwanza kikiwa cha Hz 80. Wanaozifahamu huishusha nobu ya besi karibu na sifuri, kisha wanainyanyua besi kwa kidhibiti hicho cha mwishoni. Mark IIC+ ndiyo iliyotumiwa na Metallica kurekodi Master of Puppets, albamu ya 1986. Sikiliza magitaa ya mdundo humo: ni mazito kwelikweli, na bado unaweza kuhesabu kila pigo. Besi ilichujwa mwanzoni, ikarudishwa mwishoni. Busta ni njia ya kuipa amplifaya nyingine yoyote neema hiyo bila kufungua hata skrubu moja.

Wazo hili ni kongwe kuliko metali yenyewe. Katikati ya miaka ya 1960 kampuni ya Dallas ya Uingereza ilitoa Rangemaster, sanduku lililotengenezwa likae juu ya amplifaya na si sakafuni, likiwa na transista moja ya jemaniamu na nobu moja. Kapasita yake ya kuingilia ilikuwa ndogo kiasi cha kuzuia besi, kwa hiyo kilichokuzwa kilikuwa sauti za juu. Mpiga gitaa Brian May aliitumia, Rory Gallagher naye aliitumia. Aliyeipeleka mahali ambapo hakuna aliyepategemea ni Tony Iommi wa Black Sabbath, bendi ya Birmingham.

Iommi alikuwa amepoteza ncha za vidole viwili kwenye ajali ya kiwandani. Akajitengenezea vifuniko vya vidole, akafunga nyuzi nyembamba, na kufikia albamu ya Master of Reality ya 1971 alikuwa ameishusha tyuni ya gitaa kwa nusu-toni tatu ili nyuzi zisimpe taabu. Fikiria hesabu hiyo: nyuzi zilizolegea, tyuni ya chini, amplifaya ya Laney iliyopandishwa. Kila kitu hapo kinaelekea kwenye tope. Hata hivyo rifu za Black Sabbath hazikuzama, na sehemu kubwa ya sababu ni kile kisanduku kilichosimama kati ya gitaa na Laney kikiibana besi. Muziki uliokuja kuitwa mzito kuliko wote wa wakati wake ulipitia kwenye kifaa cha kuinua sauti nyembamba. Nikilitafakari jambo hilo naona limebeba somo zima la ufundi huu.

Lakini pedali iliyoenea zaidi kwa kazi ya kukaza ni ya Kijapani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Susumu Tamura, mhandisi wa kampuni ya Nisshin Onpa, alibuni ovadraivu ya kijani iliyouzwa kwa jina la Ibanez Tube Screamer TS808. Ilikusudiwa kutoa mkwaruzo laini unaokaribia ule wa valvu. Wapigaji wa metali wakaigeuza matumizi: draivu sifuri, leveli mpaka mwisho, toni katikati. Andy Sneap, mtayarishaji wa Uingereza, ni miongoni mwa wanaojulikana kwa kuweka pedali ya ukoo huo mbele ya Peavey 5150, na mseto huo ukawa desturi ya studio nyingi za metali.

Inafaa kuifungua TS808 na kuitazama kwa karibu. Katikati pana chipu ya miguu minane, JRC4558D. Pembeni yake pana rezista ya kiloomu 4.7 na kapasita ya mikrofaradi 0.047, vitu viwili vidogo ambavyo vyote vinaenea kwenye ukucha. Vimeunganishwa kwa namna ambayo ukuzaji unaanza kupungua chini ya Hz 720. Draivu ikiwa sifuri, sauti zilizo juu sana ya hapo hukuzwa karibu mara 12, ilhali E ya uzi mnene, ile ya Hz 82, haikuzwi hata mara mbili. Hapo ndipo pana uzuri wenyewe. Besi haikufukuzwa. Imeruhusiwa kupita karibu kama ilivyoingia, ila wenzake wametangulia mbele na kuiacha. Kisha nobu ya toni inalainisha makali ya juu kabisa, na kinachobaki kimeinuka ni sauti za kati, zile zinazolifanya gitaa litambulike kuwa gitaa hata dramu zikiwa zimeshika kasi.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Rezista moja na kapasita moja, zilizopimwa na mtu aliyejua anachotaka kusikia, zimeamua sauti ya albamu nyingi mno za metali. TS808 ilitangulia kwa takribani miaka kumi gitaa la Ibanez la nyuzi saba, Universe, lililotoka 1990, na bado ilipokuja kuwekwa mbele ya nyuzi hizo ilikuta kazi yake inaisubiri.

Kwa nini basi mtu atafute busta angavu, isiyobadili tabia ya sauti? Kwa sababu Tube Screamer ina tabia yake na haiiachi. Hata draivu ikiwa sifuri, ukuzaji ule wa mara 12 unatosha kuziamsha dayodi zake mtu akipiga kwa nguvu, nazo zinaanza kukata vichwa vya mawimbi. Ule mguso wa kwanza wa plektra unabanwa kabla haujafika kwenye amplifaya. Sauti za juu zinapungua. Nundu ya sauti za kati inaandamana na kila gitaa, kiasi kwamba magitaa mawili yenye mbao na pikapu tofauti yanaanza kufanana. Wengi wanaitaka sauti hiyo, na ni sauti nzuri. Lakini mtu aliyetumia miaka kulitafuta gitaa lake ana haki ya kutaka kulisikia lenyewe, na mwenye amplifaya ambayo tayari ina sauti za kati za kutosha hana haja ya kuongezewa nyingine.

Busta angavu hukuza bila kupaka rangi: kinachoingia ndicho kinachotoka, kikiwa kikubwa zaidi. Desibeli 6 ni voltija mara mbili, desibeli 20 ni mara kumi. MXR Micro Amp, ambayo ni ya miaka mingi sokoni, ina nobu moja tu na inafika desibeli 26, yaani mara 20. Kwa amplifaya safi, au kwa kuinua sauti wakati wa solo, ni kifaa cha kupendeza mno.

Hapo ndipo penye mtego. Busta iliyo angavu kabisa hukuza besi sawasawa na vingine vyote. Ukiiweka mbele ya amplifaya ambayo geini yake imeshapanda, umeipelekea valvu ya kwanza besi mara kumi zaidi, na kulegea kunazidi. Mpiga gitaa ananunua pedali ya bei, anaikanyaga, anasikia zogo, anahitimisha kwamba busta angavu hazifai kwa metali. Kumbe uangavu peke yake haukazi. Kinachokaza ni uangavu uliounganishwa na mkato wa besi unaoweza kuudhibiti mwenyewe, mkato safi usiogusa kitu kingine.

Ndiyo maana mimi huanza kwa kuitafuta nobu ya besi kwenye pedali yenyewe. Xotic RC Booster inayo, pamoja na ya trebo, kila moja ikipanda au kushuka hadi desibeli 15. Shusha besi, pandisha volyumu, acha mengine yalivyo. Boss GE-7, ikwalaiza iliyotoka 1981, haiuzwi kama busta, lakini ina vidhibiti saba kuanzia Hz 100 hadi Hz 6,400 na cha nane cha ukubwa wa sauti. Shusha cha 100, shusha kidogo cha 200, pandisha cha ukubwa, na umepata busta ambayo unaiona kwa macho umbo la kile inachokifanya. Kwa mwenye fedha kidogo na masikio mazuri, hiyo ni shule. Precision Drive ya Horizon Devices, iliyobuniwa pamoja na Misha Mansoor wa Periphery, ni ya ukoo wa ovadraivu, kwa hiyo haina uangavu kamili. Lakini ina swichi ya hatua sita ya kuchagua besi ikatwe kiasi gani. Mtu aliyeitaka swichi hiyo alijua kazi halisi iko wapi.

Jambo la pili ni namna busta inavyolipokea gitaa. Pikapu ni maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba kuzunguka sumaku, na ni chanzo dhaifu. Kifaa kinachovuta mkondo mwingi kutoka kwake huinyang'anya sauti za juu. Kwa hiyo busta angavu inapaswa kuwa na ukinzani mkubwa wa kuingilia, karibu megaomu 1, kama ilivyo kwa amplifaya yenyewe, na ukinzani mdogo wa kutokea, ili waya unaofuata usiidhoofishe. Waya wa gitaa hufanya kazi kama kapasita, takribani pikofaradi 100 kwa kila mita, na mita sita za waya kati ya pikapu na amplifaya zinatosha kuufanya mwanzo wa pigo kuwa butu. Mara nyingine mtu huiwasha busta, hata kabla ya kuigusa nobu, akasema sauti imeng'aa. Mara nyingi haijaongezwa kitu. Imerudishiwa kilichokuwa kikipotea njiani.

La tatu ni nafasi ya kupumua. Umeme wa volti 9 unaipa chipu nafasi ya takribani volti 4 kila upande kabla wimbi halijakatwa kichwa. Pikapu yenye nguvu, mpigaji akitumia mkono wote, inaweza kutoa zaidi ya nusu volti kwenye kilele. Zidisha kwa kumi na umeshavuka. Busta ya volti 9, basi, ni angavu hadi mahali fulani, na mahali hapo hupangwa na pikapu yako na mkono wako. Baadhi ya busta hukubali volti 18. Nyingine hupandisha volti zenyewe kwa ndani, kama Klon Centaur ya Bill Finnegan iliyotoka 1994, pedali iliyochangia sana kuufanya uangavu uwe sifa ya kusakwa. Kabla ya kuchomeka volti 18, soma maandishi ya pedali: ambayo haikujengwa kwa umeme huo inaweza kuungua.

La nne ni kelele. Kila mvumo unaoingia kabla ya valvu utakuzwa na valvu zote zinazofuata, pamoja na mvumo wa busta yenyewe. Busta ya ovyo huonekana safi ukiisikiliza kwenye amplifaya ya kawaida, kisha inafoka kama mvuke mbele ya geini kubwa. Dawa ya kwanza ni kupunguza geini ya amplifaya, kwa kuwa busta imeshafanya sehemu ya kazi yake. Pedali ya kuzima kelele ni dawa ya pili, na inafanya kazi vizuri zaidi ikipewa kelele kidogo.

Sasa majaribio yenyewe, ambayo ndiyo kiini cha ufundi. Mtu anayejua kuchagua huja na gitaa lake, na akiweza huja na amplifaya yake, kwa sababu busta haihukumiwi peke yake. Anaanza kwa kushusha geini ya amplifaya: iliyokuwa kwenye 7 inakwenda 4 au 5. Besi ya amplifaya anaiweka katikati. Anahakikisha kwamba busta ikiwaka au ikizima ukubwa wa sauti unakaribiana, kwa maana sikio hudanganywa na ukubwa, na chenye sauti kubwa zaidi huonekana bora hata kama ni kibaya.

Kisha anaziba uzi mnene kwa ukingo wa kiganja, pale uzi unapokutana na daraja, na kupiga kuelekea chini tu, polepole, noti moja moja. Anasikiliza mambo matatu. Mwanzo: plektra inasikika ikigusa uzi? Mwili: noti ina urefu wake, au inavimba baada ya kupigwa? Mwisho: mkono ukiziba, panakuwa kimya? Anashusha besi ya busta kidogo na kurudia yaleyale. Anashusha tena. Inafika mahali uvimbe unatoweka na noti inasimama. Akiendelea, anafika mahali gitaa linakauka na kuchoma masikio. Anarudi nyuma kidogo.

Kati ya sehemu hizo mbili, penye uvimbe na penye ukavu, pana eneo la kufanyia kazi, na upana wa eneo hilo ndio kipimo changu cha ubora wa busta. Iliyotengenezwa bila uangalifu hukurusha kutoka kwenye tope hadi kwenye ukavu kwa mzunguko mdogo wa nobu. Iliyotengenezwa vizuri inakupa nafasi ya kutembea: besi ya rifu ya polepole hapa, besi ya rifu ya haraka pale, besi ya tyuni ya chini zaidi pale mbele. Kila sehemu ina faida yake, na hakuna inayokulazimisha.

Akishapapata mahali pake, anarudi kwenye amplifaya na kuipandisha besi. Wasiozoea hushangaa kuona nobu hiyo ikipanda juu kuliko zamani huku sauti ikibaki imekaza. Halafu anapiga kodi yenye noti tatu au nne zinazokaribiana, kitu ambacho geini kubwa hukichukia, na kusikiliza kama anaweza kuitaja kila noti iliyomo. Busta angavu iliyokatwa besi vizuri hufaulu mtihani huo pale ambapo nyingi hushindwa. Mwishoni anapanda kwenye nyuzi nyembamba na kupiga mstari wa solo, kuhakikisha kwamba katika kukaza chini hajapoteza nyama ya juu.

Baada ya hapo anawaita wenzake, na hatua hii hairukwi. Sauti iliyochaguliwa chumbani peke yako karibu kila mara ina besi nyingi mno, kwa kuwa mtu aliye peke yake anataka gitaa lake lijaze chumba chote. Ngoma ya mguu na gitaa la besi zikiingia, eneo la chini lina wenyewe. Mpiga gitaa mwenye adabu ya muziki hulitoa. Akishalitoa, ngoma ya mguu inasikika ikigonga, besi inapata sauti yake, na gitaa linaonekana limekuwa kubwa kuliko lilivyokuwa likigombania nafasi hiyo. Studioni jambo hili ni zito zaidi, kwani magitaa ya mdundo hurekodiwa mara mbili au zaidi, moja kushoto na jingine kulia, na kila tope lililoachwa kwenye moja linaongezwa na la mwenzake.

Kuna mkono pia. Busta haimfundishi mtu kuziba uzi. Kiganja kikisogea milimita chache mbele ya daraja noti inakufa, kikirudi nyuma kidogo inalia wazi, na kati ya hapo pana sauti zote ambazo metali imejengwa juu yake. Amplifaya iliyolegea huuficha mkono, mzuri na mbaya kwa pamoja. Ikishakazwa, kila kosa la plektra linasikika, na kila pigo safi pia. Kwa sababu hiyo nawaheshimu wanaochagua kukaza. Wamekubali kusikika walivyo, na hakuna mwanafunzi wa gitaa anayepiga hatua bila kukubali hilo.

Kwa mpiga gitaa anayetegemea amplifaya ya ukumbi, iwe Nairobi ambako bendi za metali zipo na zinajituma, iwe Birmingham kwenyewe, busta ina thamani nyingine ya ziada. Amplifaya itakayokuwa jukwaani huwezi kuichagua. Inaweza kuwa imelegea, inaweza kuwa kali. Lakini ukijua vidole vyako vinakipeleka wapi kidhibiti cha besi, na ukijua sauti ya kulegea na sauti ya ukavu, dakika chache za kupima vyombo zinatosha kuifanya amplifaya ya mtu mwingine ikutii.

Ukienda dukani, basi, nenda na gitaa lako. Ulizia besi inakatwaje kabla hujaulizia desibeli ngapi. Soma ukinzani wa kuingilia na volti inazokubali. Omba amplifaya yenye geini kubwa, kaa kwenye uzi mnene uliozibwa, na zungusha nobu ya besi taratibu mpaka uvimbe uishe. Ukifanikiwa, utakuta geini ya amplifaya imeshuka kuliko ulivyozoea, na bado watu watasema gitaa lako limekuwa zito zaidi. Watakuwa wamesikia sawasawa. Uzito wa rifu husikika pale noti inapokoma kwa wakati wake na kuipisha inayofuata, na noti haiwezi kukoma kwa wakati ikiwa imeingia kwenye valvu na mzigo wa besi usiohitajika.